Stendi ya bunduki ya mgeni hufunguliwa na traka

Ndugu Mhariri,

Msimu wa uwindaji wa kitalii unafunguliwa tarehe 1 Julai. Kabla wageni hawajaanza kushuka vitaluni, yaani kwenye maeneo ya kuwindia, naomba nafasi nizungumze na kampuni za uwindaji kuhusu kifaa ambacho wengi wanakichukulia kama mzigo binafsi wa mgeni: stendi ya miguu mitatu ya kuegemezea bunduki.

Nimefanya kazi ya utraka, yaani kusoma nyayo na kumfuatilia mnyama, katika mapori ya akiba ya Selous na baadaye Rungwa kwa sehemu kubwa ya maisha yangu. Traka ndiye anayetangulia, ndiye anayebeba stendi, na mwindaji bingwa anayemwongoza mgeni akinyanyua mkono, yeye ndiye anayeitega mbele ya mgeni. Mgeni ameinunua kwao na kuizoea kwenye uwanja wa shabaha, akiwa na muda wa kukaza kila skrubu. Akifika porini anamkabidhi kijana ambaye hajawahi kuishika. Kosa linaanzia hapo, na anayelilipia kwanza ni mnyama.

Sisi tulianza na mianzi mitatu. Unachagua iliyokauka na iliyonyooka, urefu wake umfikie mpigaji machoni akiwa amesimama. Unaifunga pamoja karibu na ncha kwa ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli, kisha unazungushia kipande cha ngozi pale bunduki itakapolala. Marehemu baba yangu mdogo, aliyenifundisha kazi, aliukaza ule mpira mpaka mianzi ifunguke kwa mkono mmoja lakini isijifungukie yenyewe ukiwa unatembea. Ukitaka kushuka unapanua miguu, ukitaka kupanda unaikusanya. Hakuna kitasa, hakuna mlio, na begani huisikii.

Siku hizi zinakuja za alumini na za kaboni, nyingine zina kichwa kinachozunguka kila upande na taya za kuibana bunduki. Sizikatai. Kwenye mbuga zilizo wazi kama Simanjiro au Longido, ambako swala granti anasimama mita 200 na mti wa kuegemea haupo, taya zile ni msaada mkubwa. Bunduki inakaa yenyewe, mgeni anatuliza pumzi, na anaweza hata kuketi chini akamsubiri mnyama ageuze ubavu.

Nyati wa miombo ni habari nyingine kabisa. Huyo unampiga mita 50, pengine 80, kupitia mwanya kati ya vichaka, na baada ya risasi ya kwanza kundi zima linaondoka. Sheria inataka bunduki ya kaliba isiyopungua .375, na bunduki ya ukubwa huo ina teke, yaani hurudi nyuma kwa nguvu ikipigwa. Ikiwa imebanwa kwenye taya, teke linaichezesha stendi nzima. Mgeni anabaki anafungua taya wakati risasi ya pili ingekuwa imeshatoka. Niliwahi kufuatana na mgeni wa namna hiyo, kwenye kampuni ambayo siitaji. Nyati aliingia kichakani na risasi moja ya tumboni, na sisi matraka tukaingia nyuma yake tukisoma damu, majani yamefunga mbele yetu hatua chache tu. Kwa hiyo ninaposema uma ulio wazi, yaani kichwa cha stendi ambacho bunduki inalala tu bila kubanwa, ni bora kuliko taya kwa wanyama hatari, nazungumzia miili ya watu. Bunduki iliyolazwa tu kwenye uma unainyanyua na kumfuata nayo mnyama papo hapo.

Halafu sauti. Agosti na Septemba majani ya miombo yamekauka, porini kila kitu kinasikika. Miguu ya chuma inayogongana, au kitasa kinacholia kila unapovuta mguu, ni kumwambia mnyama tumefika. Vitasa vya kukaza kwa kuzungusha navyo huingia mchanga na kugoma. Zipo stendi nzito za kilo 4 na zaidi. Anayezisifu amezibeba kutoka kwenye gari hadi kwenye meza ya shabaha, hajazibeba kutwa nzima akifuata nyayo.

Za miguu minne, zinazoshika bunduki mbele na nyuma, nimeona zikiwafaa sana wageni wazee ambao mkono umeanza kutetemeka, kwa sababu kitako nacho kinapata pa kulala. Ugumu wake ni kwamba mnyama akisogea, kuigeuza huchukua muda.

Ombi langu kwa kampuni ni hili. Mnapomwandikia mgeni orodha ya vitu vya kuja navyo, msiishie kwenye viatu na dawa ya malaria. Mwambieni anakwenda kuwinda nini na wapi, na stendi ipi inafaa huko. Kama anakuja kwa nyati peke yake, aje na nyepesi yenye uma, au aiache nyumbani atumie ya kambi.

Na siku ile ya kujaribu bunduki kambini, msiridhike na tundu zuri la karatasi lililopigwa kutoka mezani juu ya mfuko wa mchanga. Hiyo inathibitisha darubini tu. Msimamisheni mgeni, traka afungue stendi mbele yake kama itakavyokuwa porini, apige kwa kusimama mita 50, ainue bunduki, traka ahamishe stendi, apige tena. Traka aangalie kwamba kinacholala kwenye uma ni mti wa bunduki, yaani ile sehemu ya kushikia chini ya mtutu, na si mtutu wenyewe, maana mtutu ukigusa stendi risasi huhama. Mgeni ausogeze mwili mbele kidogo, mkono wa kushoto ukamate bunduki na kichwa cha stendi kwa pamoja. Wakirudia mara kadhaa, traka atajua kimo cha mgeni wake, na mgeni ataacha kutafuta miguu ya stendi kwa macho.

Haya yote yanakula risasi chache na nusu saa ya jioni ya kwanza. Kwa kambi zisizo na stendi ya akiba, mianzi inauzwa sokoni Liwale, na mpira wa ndani uliotoboka fundi baiskeli yeyote atawapa.

Traka mstaafu,
Liwale, Lindi