Mdogo wangu, hiyo redio ya Mzee usimpe mtu wa vyuma chakavu

Mdogo wangu, nimeiona picha uliyotuma kwenye grupu la familia, redio kaseti ya Mzee imewekwa mlangoni juu ya kiroba na umeandika kesho anapita mtu wa chuma chakavu. Aisee nimeshindwa hata kumaliza chai. Irudishe ndani leo leo.

Unasema kaseti inaimba kwa kuburuza, sauti nzito kama mtu mwenye usingizi. Hiyo ni belti tu, ule mpira unaozungusha tepu. Tepu inatakiwa ipite sentimita 4.76 kwa sekunde, kipimo ni hicho hicho tangu Philips watoe kaseti mwaka 1963, sasa mpira ukishazeeka unalegea, mota inazunguka lakini nguvu haifiki yote, na ukiachwa miaka mingi unayeyuka unakuwa kama lami. Dawa yake ni kufungua, kufuta lami yote kwa spiriti na pamba za masikio, kuvalisha belti mpya ya saizi ile ile. Ile kukwaruza ukigusa volyumu ni vumbi na kutu ndani, spreyi ya kusafishia inatosha.

Fundi wa hapo mtaani atakwambia ang'oe sehemu ya kaseti aweke bodi ya USB na Bluetooth. Usikubali hata kama anafanya bure! Unakumbuka Mzee alivyokuwa anakaa jioni kidole kwenye batani ya kurekodi, anasubiri mtangazaji wa RTD, yaani Radio Tanzania Dar es Salaam, anyamaze, ndo maana kaseti zake nyingi wimbo unaanza ukiwa umeshaingia. Bendi nyingi kipindi kile zilirekodi studio za RTD, ulikuwa unazisikia redioni ndo unazidaka hivyo. Hizo kaseti utazipigia wapi ukishang'oa?

Bluetooth naitaka na mimi, ila inaingia bila kung'oa kitu, naiunganisha kabla ya volyumu kupitia kiswichi kidogo nyuma. Tatizo ni umeme. Redio inakula betri kubwa sita, yaani volti 9, na zile bodi nyingi zinataka 5, kwa hiyo lazima iwepo bodi ya kushusha volti. Niliwahi kuunguza bodi ya jirani kwa kuipa 9 moja kwa moja, nikamlipa na bado roho inaniuma. Halafu ukichukua umeme wa bodi na wa redio sehemu moja unasikia mluzi mwembamba kwenye spika, watu wanadhani spika mbovu kumbe ni njia ya umeme tu, kuna kimoduli kidogo kinaitwa B0505S kinautenganisha na mluzi unakata.

Betri za kuchaji tutaweka za lithiamu aina ya 18650 mbili kwa mfululizo zenye bodi yake ya kuzilinda, zikijaa zinafika volti 8.4, redio inaimba vizuri kabisa. Sitaki zile zilizochomolewa kwenye laptop mbovu, lithiamu iliyochoka inaweza kuwaka moto ndani ya nyumba na Mama analala chumba hicho.

Nakuja Ijumaa na basi la asubuhi, nabeba solda na belti saizi tatu. We toa betri zilizomo maana zikivuja zinakula chuma, na unitafutie kaseti yoyote isiyo na maana ya kujaribia. Za Mzee usiziguse mpaka niwe nimesafisha hedi, ile inayosoma tepu, na kile kigurudumu cha mpira, kikiwa na uchafu kinameza tepu.

Kaka yako