Njoo Unishikie Kanga

Moshi, Jumapili jioni

Shoga yangu mpenzi,

Hujambo? Za Dodoma? Huku wote wazima. Nina jambo, na wa kunisaidia ni wewe tu.

Vijana wa mtaani wanaandaa usiku wa vichekesho, na kila mchekeshaji kapewa mtihani wake. Mimi nimepewa kucheza posa nzima peke yangu: mshenga, mama mkwe na bibi harusi, nikibadili nguo palepale bila kushuka jukwaani. Nimekubali kwa moyo wote. Si unajua ninavyomhusudu Leopoldo Fregoli, yule Mwitaliano aliyefariki 1936? Alibadilika upesi hata watu wakasema Fregoli hakuwa mmoja. Mwaka 1927 huko Ufaransa jina lake likapewa ugonjwa wa akili: mgonjwa anaamini kwamba watu mbalimbali anaokutana nao ni mtu yuleyule anayejigeuza. Mchekeshaji kuingia kwenye vitabu vya madaktari, shoga!

Nguo ziko tayari. Koti la mshenga nimelipata kwenye mitumba ya Memorial. Fundi kalipasua mgongoni kuanzia kola mpaka chini, akatia ule utepe wa kunata wa viatu vya watoto. Tabu yake ukiubandua unalia kraaa, ukumbi mzima unasikia. Ndiyo maana mshenga akishapokewa mbege, vigelegele vinapigwa, na koti linavuka humohumo.

Gauni la mama mkwe halijapita kwenye cherehani. Limepigwa bandi tu kwa uzi mnene wenye fundo mwishoni. Ukivuta fundo, gauni lote linaanguka na bibi harusi anatokea. Wajapani kwenye kabuki hufanya hivyo tangu zamani: msaidizi anakaa nyuma ya mchezaji, papo hapo jukwaani, anachomoa nyuzi.

Sasa sikiliza. Nataka wewe unishikie kanga mbele yangu, iwe pazia nikibadilika. Wengi huhangaikia kasi ya mikono. Mimi naona kicheko kiko kwenye mwendo. Kanga ikishuka, watu wamtambue mama mkwe kwa kiuno na shingo, kabla hajafungua mdomo. La sivyo wameona nguo tu. Kwa hiyo nikiwa nyuma ya kanga nataka akili yangu yote iwe kwa mama mkwe, wala nisiwaze fundo liko wapi. Kanga ikishuka mapema, nakutwa nusu huyu nusu yule. Ikichelewa, kicheko kinapoa. Nimemjaribu binamu yangu, ana bidii, lakini anasubiri nimwambie. Wewe tuliyeimba kwaya pamoja unajua nikivuta pumzi nataka nini.

Shindano ni Jumamosi ijayo. Panda basi la Alhamisi tupate jioni mbili za mazoezi, nauli nitakutumia kwa simu. Na uje na doti yako ile nzito ya bluu. Ya kwangu, taa ikiwaka nyuma, inaonyesha kila kitu.

Ni mimi shoga yako