Laptop mpya, skana ya 2011: nirudi Windows 10?

Ndugu mshauri,

Salaam kutoka Tukuyu. Najua wengi wanaokuandikia wana ya ndoa na ya mawifi. Langu ni la laptop, lakini usingizi linanikosesha vilevile, kwa hiyo nivumilie.

Nina steshenari ndogo karibu na stendi. Nachapa, natoa kopi, napiga picha za pasipoti, na zaidi ya yote naskani vyeti. Vijana wanaoomba kazi kupitia Ajira Portal, wanafunzi wa mkopo wa HESLB msimu wao ukifika, wote wanapita kwangu na bahasha zao za kaki. Kopi ni hela ya mboga. Kuskani ndiko kunakolipa kodi ya fremu.

Kazi hiyo nimeifanya miaka yote kwa kompyuta ya mezani yenye Windows 7 na skana niliyoinunua 2011. Skana yenyewe ni nzito kama jiwe la kusagia, na ikianza kusoma inalia kama bodaboda inayopanda mlima na abiria wawili. Ila picha yake, we acha tu! Mhuri wa bluu unatoka bluu, hata ule uliofifia kwenye vyeti vya kuzaliwa vya zamani ambao kwenye simu unaonekana kama doa la chai. Shida ni umeme. Huku kwetu mvua haina likizo, na umeme ukikatika kompyuta ya mezani inazimika na kazi ya mteja. UPS, ile betri ya akiba, ilishakufa, siku hizi naiwekea mlango usijifunge. Basi Desemba nikajikaza, nikanunua laptop mpya: RAM GB 8, SSD GB 256, na imetoka dukani na Windows 11 Home.

Kuizoea hakukunisumbua. Vitu vya chini vilikuwa katikati, nikavirudisha kushoto, maisha yakaendelea. Kasheshe ilianza nilipochomeka skana. Laptop ikatoa ule mlio wake wa kuonyesha imeona kitu, halafu kimya. Kwenye orodha ya vifaa skana ikaonekana kama kifaa kisichojulikana, ina pembetatu ya njano yenye alama ya mshangao. CD ya draiva, ile programu inayoiwezesha kompyuta kuongea na skana, bado ninayo, ila laptop haina hata pa kuiingizia. Mtoto wa kaka yangu, anayesoma mambo ya kompyuta chuoni Mbeya, akainakili kwenye flashi. Akaidanganya programu kwamba iko ndani ya Windows 7. Programu ikakubali, skana ikaendelea kulala. Akaniambia, "Shangazi, ujanja huu unafanya kazi kwa programu. Draiva haidanganyiki."

Nikamwita fundi wa jirani, kijana mzuri tu, simu zangu zote anatengeneza yeye. Hakukaa hata dakika mbili. "Mama, tatizo lako ni Eleven. Nakupigia Ten, elfu thelathini, Jumamosi hiyohiyo unafanya kazi. Ten inakubali kila kitu." Nilifurahi, sikufichi. Windows 10 naijua, niliitumia nilipokuwa nachapa mitihani shuleni. Nikamuuliza kama hatuwezi kurudi nyuma kwa kubonyeza tu, maana niliwahi kusikia hivyo. Tukaingia kwenye mipangilio, kile kitufe kimefifia, hakibonyezeki. Baadaye mpwa wangu akanieleza kuwa kile ni cha kompyuta iliyopandishwa kutoka 10, tena ndani ya siku 10 za mwanzo. Yangu ilizaliwa na 11, haina nyuma pa kurudi. Kuipa 10 ni kuifomati yote.

Huyu mpwa wangu ndiye aliyeniharibia furaha. Alikaa na ile CD usiku mzima, asubuhi akaja na jipya: draiva ya skana yangu ni ya biti 32 peke yake, yaani ya Windows za aina ya zamani, na kwenye Windows ya biti 64 haifanyi kazi; waliotengeneza skana hawakutoa nyingine. Windows 11 iko ya biti 64 tu. Windows 10 ilikuwa na zote mbili, ila ile ambayo fundi huwapigia watu ni ya 64. Kwa hiyo nikilipa elfu thelathini zangu, Jumamosi jioni nitakuwa na Windows 10 na skana imelala palepale! Ili iamke inatakiwa 10 ya biti 32, na hiyo haitumii zaidi ya GB 4 za RAM hata ukiwa na nane. Halafu anasema laptop nyingi za sasa hata kuwaka na biti 32 hazikubali. Nilimrudia fundi na habari hizo, akacheka, akasema watoto wa chuo wana maneno mengi. Hakunijibu kuhusu biti.

Na kuna mengine. Windows 10 Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025. Kuna nyongeza ya apdeti za usalama kwa anayejiandikisha, nayo inafika 13 Oktoba 2026. Baada ya hapo ni wewe na Mungu wako. Kwa mtu wa nyumbani labda si kitu, lakini mimi kwa siku napokea flashi za watu kumi na tano, nusu yake zina virusi vya kugeuza mafaili kuwa shotikati, na kwenye mashine yangu kuna vyeti vya watu na namba zao za NIDA. Leseni nayo ni kizungumkuti: haki ya kushuka kwenda 10 inakuja na Windows 11 Pro, Home haina. Ya fundi ni ile ya kwenye flashi yake, na sote tunazijua hizo. Nimeangalia pia tovuti ya waliotengeneza laptop: draiva walizoweka ni za 11 tu. Naogopa nishuke halafu Wi-Fi nayo igome.

Mpwa alijaribu kitu kimoja cha mwisho. Aliwasha laptop kwa flashi yenye Linux, mfumo mwingine unaotumika badala ya Windows, bila kugusa chochote ndani. Akachomeka skana. Mshauri, ile taa ilitembea! Ikalia mlio wake wote mpaka mteja aliyekuwa anasubiri kopi akageuka kuangalia. Picha ikatoka safi. Lakini wateja wangu wanaleta kazi za Word, na tulipofungua barua moja yenye jedwali huko kwenye Linux, jedwali likahamia ukurasa wa pili na nembo ikabaki peke yake juu. Siwezi kumpa mtu kitu kama hicho.

Skana mpya naambiwa ni kama robo ya bei ya laptop. Januari hii, na fomu za kidato cha kwanza mezani kwangu, moja ikiwa ya mwanangu, robo hiyo sina.

Kwa hiyo naomba unisaidie. Kwanza, hili la biti 32 ni kweli au mpwa ananitisha? Pili, kama ni kweli, niiache laptop na 11 yake na kompyuta ya zamani niibakize kwa kuskani tu, bila intaneti, au kuwasha Linux kwa flashi kila mteja wa cheti akija ni jambo ambalo mtu wa umri wangu anaweza kulizoea? Tatu, endapo utasema nishuke tu, nifanye nini kabla ya fundi kugusa? Nimesikia diski za siku hizi zimefungwa kwa ufunguo unaokaa kwenye akaunti ya mtu, na mimi akaunti hiyo nilifunguliwa dukani. Neno la siri walilitunga wao, karatasi waliyoniandikia sijui niliiweka wapi.

Fundi nimemwambia asubiri Jumamosi ya wiki ijayo. Ameshanikumbusha mara mbili.

Ndaga fijo,
Mama wa steshenari, Tukuyu