Kinga ya umeme isiyo na waya wa ardhini hailindi sawasawa televisheni wala homu thieta

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linalowagharimu fedha nyingi wananchi wa Pemba na, kwa ninavyosikia kwa mafundi wenzangu, wa Unguja pia. Jambo lenyewe ni kuungua kwa televisheni, homu thieta, sabufa na ving'amuzi kunakosababishwa na umeme unaopanda ghafla. Mimi ni fundi wa vifaa hivi hapa Wete, na kila zinapoanza mvua za masika au za vuli meza yangu hujaa vifaa vilivyoungua, vingi vikiwa vilichomekwa kwenye ekstensheni ambayo mwenyewe aliuziwa kwa jina la kinga. Ninalotaka kulisema ni kwamba kinga hiyo, hata ikiwa ya kweli, haiwezi kufanya kazi yake sawasawa katika nyumba ambayo waya wa ardhini, yaani ule unaounganisha soketi na nondo iliyogongomewa kwenye udongo, haupo au haufiki ardhini, na nyumba za namna hiyo tunazo nyingi mno.

Umeme wa majumbani kwetu ni wa volti 230. Vifaa vya picha na muziki vimetengenezwa kuvumilia kiwango hicho kikipanda au kushuka kidogo, lakini radi inapopiga karibu na laini, au mzigo mkubwa unapozimwa, au umeme unaporudi baada ya kukatika huku mafriji na pampu za mtaa mzima zikitaka kuwaka kwa pamoja, waya hupitiwa na wimbi la volti mia kadhaa, na kwa upande wa radi hata maelfu. Si lazima radi iipige nyumba yenyewe. Ikipiga mnazi ulio jirani na nguzo inatosha kuusukuma umeme ndani ya laini, nao ukasafiri mpaka sebuleni.

Wateja wengi huniuliza kwa nini fyuzi ya plagi haikukata. Fyuzi ya ampia 13 huyeyuka pale inapopitiwa na umeme mwingi kwa muda wa kutosha kuipasha moto, ilhali wimbi la radi hupita kwa mikrosekunde chache, yaani sehemu za milioni za sekunde, na hufanya uharibifu wake kabla fyuzi hiyo haijapata joto lolote. Ndiyo maana mara nyengine huletewa kifaa kilichokufa kabisa huku fyuzi ya plagi yake ikiwa nzima. Na ile swichi ya kwenye ubao wa umeme inayokata mtu anapopigwa shoti imewekwa kulinda uhai wa watu, wala haikuundwa kuzuia wimbi hili.

Kinga ya kweli ina kitu kidogo ndani yake kiitwacho varista, mfano wa sarafu, kilichotengenezwa kwa oksidi ya zinki. Umeme ukiwa katika kiwango chake cha kawaida, varista huziba njia kana kwamba haipo. Volti zikipanda kupita kiwango kilichopangwa, hufunguka papo hapo na kuipitisha ile ziada kwenye waya wa nyutro, ule unaorudisha umeme, na kwenye waya wa ardhini, ili isifike kwenye kifaa. Kinga iliyoundwa vizuri huwa na varista zaidi ya moja: moja kati ya waya wa moto (unaoleta umeme) na nyutro, nyengine kati ya waya wa moto na ardhi, na nyengine kati ya nyutro na ardhi. Sasa, msomaji wako akiangalia njia hizo tatu ataona kwamba mbili zinategemea waya wa ardhini. Nyumba isipokuwa na waya huo, njia hizo mbili hazielekei popote, na sehemu kubwa ya kile alicholipia mnunuzi inakaa bure.

Hapa ndipo penye tatizo letu. Katika nyumba nyingi za zamani, mjini na shamba, nyaya zilizopitishwa ukutani ni mbili tu, na baadaye soketi za matundu matatu zikafungwa juu yake bila ya chochote kuunganishwa kwenye tundu la tatu. Kwa macho soketi ni kamili, na fundi asiyepima hawezi kujua. Na tumezoea vibaya: watu huchomeka kalamu au kijiti kwenye tundu la juu ili plagi ya miguu miwili iingie, hata likaonekana kuwa tundu la kufungulia njia, ilhali ndilo tundu la waya wa ardhini wenyewe. Homu thieta na televisheni nyingi zinakuja na plagi ya miguu miwili, na hilo huwafanya wenyewe waamini kwamba waya wa ardhini hauwahusu. Kweli kifaa chenyewe huenda kisiuhitaji kwa usalama wa mtumiaji, lakini kinga iliyowekwa kati yake na ukuta inauhitaji.

Hata pale waya ulipopitishwa, mwisho wake una maswali. Nondo ya ardhini, ile iliyopakwa shaba, inatakiwa igongomewe kwenye udongo wenye unyevu mpaka izame. Huku Wete na Chake Chake udongo ni mzuri, lakini upande wa Micheweni, kama ilivyo mashariki ya Unguja, chini ni jiwe la matumbawe, na nondo ikigota hukatwa ikabaki kipande kifupi ambacho katika kiangazi hukaa kwenye mawe makavu na kuwa na msaada mdogo sana. Upepo wa bahari nao haulali. Chumvi yake hula kibano kinachoshika waya kwenye nondo, na baada ya miaka kadhaa utakuta kibano kipo, waya upo, na kati yao pana kutu tupu. Mara nyengine nondo imefunikwa kwa saruji wakati wa kupanua baraza, na hakuna anayekumbuka ilipo. Fundi mwenye kipimo cha ardhi huweza kuyabaini haya yote kwa muda mfupi. Anayeweka kinga bila ya kupima kwanza hamtendei haki mteja wake.

Tuje kwenye hizo kinga zenyewe zinazouzwa madukani. Nimezifungua nyingi, na katika baadhi yake sikukuta varista hata moja. Nimekuta vipande vya bati, swichi na taa nyekundu. Taa hiyo huwaka kuonesha kwamba umeme upo, na mnunuzi huichukulia kuwa ishara ya ulinzi. Kinga ya kweli huandikwa kiwango cha nishati inayoweza kumeza, kwa vipimo vya juli, na volti ambazo haitaruhusu zipite. Juli zikiwa nyingi zaidi na volti hizo zikiwa chache zaidi, ndivyo ilivyo bora. Ikiwa kifaa hakikuandikwa lolote kati ya hayo, mtu akinunue kama ekstensheni na asikilipie zaidi ya bei ya ekstensheni. Vilevile varista huchoka, kwani kila wimbi inalolimeza huipunguzia nguvu, na mwisho hufa. Kinga nzuri huwa na taa ya pili inayoeleza kama ulinzi bado upo, na taa hiyo ikizimika kinga ibadilishwe hata kama soketi zake zinaendelea kutoa umeme.

Jamaa zetu walioko Uingereza na Oman hutuletea kinga zenye plagi kama yetu na volti zinazolingana na zetu, na hizo hazina taabu. Zinazotoka Marekani na Kanada ni za volti 120. Mtu akiichomeka kinga ya huko kwenye umeme wetu kwa kutumia adapta, varista yake itafunguka muda wote, itapata moto, na inaweza kuunguza nyumba. Naomba wenye zawadi za namna hiyo wasizitumie kabisa.

Kuna mlango mwengine wa hatari ambao watu wengi hawaufikirii, nao ni dishi. Nimewahi kupokea homu thieta ambayo sehemu yake ya umeme ilikuwa nzima, lakini matundu yake ya HDMI, yanayopitisha picha na sauti, yamekufa yote. Mwenyewe alikuwa mwangalifu, aliona mawingu akachomoa plagi zote ukutani, ila waya wa dishi aliuacha kwenye king'amuzi. Umeme wa radi uliingia kwa dishi lililo juu ya paa, ukapita kwenye king'amuzi, ukafuata waya wa HDMI mpaka kwenye homu thieta. Kwa hiyo anayechomoa achomoe na waya wa dishi, tena afanye hivyo mapema, mawingu yanapojikusanya. Radi ikishakuwa juu ya nyumba si salama kushika nyaya hizo. Mlingoti wa dishi nao uunganishwe na nondo ileile ya nyumba, usipewe nondo yake peke yake pembeni, kwa sababu nondo mbili zisizounganishwa huwa na volti tofauti radi inapopiga, na tofauti hiyo hujisawazisha kupitia ndani ya televisheni.

Hakuna kinga inayoshinda kuchomoa. Lakini si kila mtu yuko nyumbani mvua inapokuja, na wenye mabanda ya kuoneshea mpira hawawezi kuzima katikati ya mchezo ukumbi ukiwa umejaa. Hao ndio ninaowashauri waweke kinga kubwa kwenye ubao wa umeme, ile ya daraja la pili kwa mujibu wa kiwango cha kimataifa cha IEC 61643-11, kisha ile ndogo ya soketi iwe karibu na vifaa. Ile ya ubaoni hupunguza nguvu ya wimbi linapoingia, na ya soketi humaliza kilichobaki. Zote mbili zinadai waya wa ardhini.

Nieleze pia, kwa ufupi, kwamba varista haisaidii umeme unapopanda na kubaki juu. Waya wa nyutro ukikatika kwenye nguzo, nyumba moja inaweza kupata volti zinazokaribia 400 huku ya jirani ikipata umeme hafifu, na varista ikilazimishwa kumeza umeme wa namna hiyo kwa dakika nzima huungua. Dawa yake ni kifaa kinachokata chenyewe volti zinapozidi au kupungua kupita kiasi, kisha husubiri kidogo baada ya umeme kutulia ndipo kirudishe. Mtu akiona taa za chumba kimoja zinawaka kupita kawaida na za chumba chengine au za jirani zimefifia, azime swichi kubwa hapohapo na awapigie simu ZECO, shirika letu la umeme. Stebilaiza hurekebisha volti zinazopanda na kushuka polepole. Isitegemewe kuzuia radi.

Tangu mwaka 2010, Pemba ilipounganishwa na Tanga kwa waya uliopita chini ya bahari kwa msaada wa Norway, tukaacha kutegemea majenereta ya Wesha, umeme umewafikia watu wengi zaidi na vifaa vya thamani vimeingia katika nyumba ambazo zamani zilikuwa na redio ya betri. Mkulima anayeuza karafuu zake na kununua televisheni kubwa na homu thieta kwa ajili ya wanawe ametoa jasho la msimu mzima. Inaniuma kumwambia kwamba bodi imeungua na kipuri hakipatikani, nikijua kwamba nondo moja na waya mmoja vingeweza kuiokoa.

Kwa hiyo ninaiomba Taasisi ya Viwango Zanzibar izikague ekstensheni zinazoingizwa bandarini na kupigwa jina la kinga, na isiruhusu neno hilo liandikwe kwenye kifaa kisicho na varista ndani wala maelezo ya juli na volti. Ninaiomba ZECO, kila inapounganisha mita mpya, ipime waya wa ardhini na kumpa mwenye nyumba karatasi yenye matokeo, na kwa nyumba za zamani iandae utaratibu wa kupima kwa ada ndogo kwa anayetaka. Matangazo yake ya redio kuhusu kukatwa umeme kwa matengenezo nayo yaongezewe sentensi moja ya kuwataka wananchi wachomoe vifaa vyao mpaka umeme utakaporudi na kutulia. Mafundi wenzangu wa nyumba nawaomba wasikubali kufunga soketi ya matundu matatu juu ya nyaya mbili, hata mwenye nyumba akihimiza kwa sababu ya gharama; na ikiwa imeshafungwa, basi wamwambie waziwazi kwamba tundu la tatu halina kitu.

Wako,
Fundi wa redio na televisheni,
Wete, Pemba