Kabla hujanunua hiyo monita ya 240Hz

Ndugu yangu,

Habari za Nakuru, na mathe anaendeleaje na ule mguu? Huku Kisumu tuko sawa, joto tu ndio imezidi, saa nane mchana ata feni inapuliza hewa moto. Meseji yako ya juzi niliisoma nikaona siwezi kujibu na mistari miwili, juu hii maneno ya monita ilishaniuma na sitaki ikuume wewe pia, so kaa chini usome pole pole.

Unasema uko na elfu 25 na umeonyeshwa mbili hapo town, moja ya 240Hz (yaani inabadilisha picha mara 240 kwa sekunde) ya TN na ingine ya 165Hz ya IPS (hizo TN na IPS ni aina za paneli, ile sehemu inaonyesha picha), zote inchi 24, na jamaa wa duka anakwambia 240 ni kubwa kuliko 165 basi imeisha hivyo. Haijaisha. Toa simu upige hesabu. Sekunde moja ni milisekunde 1000, so gawanya 1000 na 60, zile Hz za monita ya kawaida, upate kila picha inakaa kwa skrini milisekunde ngapi, ni kama 16.7. Gawanya na 144, inakuwa 6.9. Hapo umeokoa karibu 10, na hiyo utaiona siku ya kwanza ata bila kuambiwa, ukisogeza mausi tu unaskia mkono umekuwa mwepesi. Sasa gawanya na 165, ni kama 6.1, alafu 240 ni 4.2. Yaani kutoka 165 kwenda 240 unaokoa milisekunde mbili hivi. Wale wanacheza mashindano wakilipwa wako na sababu ya kuzitafuta hizo mbili. Wewe unacheza usiku ukitoka kazi, na hizo mbili unataka kuzinunua na rangi ya skrini yako yote.

Mimi kilichonipata ni hiki. Mwaka jana nliweka akiba miezi minne nikanunua inchi 27 ya kupinda, VA (aina ingine ya paneli), 165Hz, na kwa boksi imeandikwa 1ms, milisekunde moja, kubwa kabisa. Nikafika nyumba nikafungua gemu ya magari, mbio za usiku, lami nyeusi na nguzo za taa kando ya barabara. Kila nikikata kona nguzo inaacha mkia mweusi nyuma yake, kama vile unapitisha kidole kwa sufuria yenye masizi. Nikadhani ni kebo, nikabadilisha, wapi. Nikadhani ni kadi ya picha ya kompyuta yangu, nikapeleka monita kwa kompyuta ya binamu yangu, mkia ni ule ule. Kurudi dukani naambiwa bidhaa ikishauzwa hairudishwi, na ati hiyo ndio kawaida yake.

Na kusema ukweli ni kawaida ya VA nyingi za bei yetu, hilo ndio mtu alifaa kunieleza nikiwa bado na pesa mfukoni. Kila pikseli lazima itoke rangi moja iende ingine, na VA ikitoka nyeusi kwenda kijivu huwa inajikokota, inaweza kuchukua ata milisekunde 20 na zaidi. Na 165Hz inaleta picha mpya kila milisekunde 6. So picha ya kwanza haijaondoka na ya pili, ya tatu zishafika, zinapandana. Hz ziko, umezilipia, lakini paneli inazikula. Ndio maana nakwambia usiziweke mizani kama vitu viwili tofauti, ati huku spidi huku uzuri wa picha. Paneli mbovu inakuharibia zote mbili kwa mpigo.

Na hiyo 1ms ya kwa boksi usiiamini mpaka usome herufi ndogo ziko kando yake. Ikiwa MPRT, yaani muda picha inaonekana kwa macho ikisonga, mara nyingi wameipata kwa kuzima na kuwasha taa ya nyuma haraka haraka, skrini inafifia, na kwa monita nyingi ukiwasha hiyo kitu FreeSync, ile ya kupatanisha monita na kadi nitakueleza hapo chini, inazimika. Ikiwa GtG, yaani pikseli kutoka kijivu moja kwenda ingine, angalau wanaongea kuhusu pikseli yenyewe, ingawa nayo huwa wanakuonyesha ile namba iliyotoka poa kabisa.

VA siitupi yote, ndio iko na weusi wa kweli, kontrasti, ile tofauti ya nyeupe na nyeusi, ya kama 3000 kwa 1 na IPS nyingi ziko 1000 hivi, ndio maana ile yangu iko sebuleni kwa binamu wanaangalia sinema na inapendeza sana. IPS ukizima taa ya chumba nyeusi inakaa kijivu na kona zinang'aa kiasi. Hiyo utazoea, mkia huzoei.

Sasa hiyo TN yako. Hiyo ni haraka, sikatai, miaka ya nyuma ndio ilikuwa ya wachezaji. Lakini wewe kompyuta yako si ya gemu peke yake, ndio inakulisha. Unatengeneza programu za mazishi na kadi za harusi, unakaa na picha ya marehemu mbele yako ukirekebisha ngozi yake ndio familia ikiiona waseme ndio, ni yeye. Kwa TN ile picha ukiiweka juu ya skrini uso unakuwa mweusi, ukiishusha chini unapauka, na hujagusa kitu, ni vile tu macho yako yameiangalia kutoka pembe ingine. Utapeleka kwa printa rangi gani? Watu wamekuamini na uso wa mzazi wao, hiyo si ya kubahatisha. IPS ukiinama, ukiegemea, mteja akisimama nyuma ya kiti chako, rangi ni ile ile. Na kuanzia 2019 hivi zimekuja IPS za haraka sana, ile sababu ya zamani ya kuvumilia TN imebaki kidogo.

Alafu kadi yako ya picha ni GTX 1650 ya Nvidia. Gemu ya Valorant itapita fremu (picha) 144 kwa sekunde bila shida kwa 1080p, ule wingi wa pikseli wa kawaida wa monita hizi, lakini gemu nzito za siku hizi utapata 50, 60, wakati mwingine chini. 240 utaijaza na nini? Kitu itakusaidia hapo ni FreeSync, inafanya monita ingoje kadi badala ya picha kukatika katikati, nyingi zinaanza kufanya kazi kutoka fremu 48 kwa sekunde. Na usiogope ati ni ya AMD, Nvidia walifungua hiyo mlango Januari 2019 na kadi yako iko ndani, ila upitishie kebo ya DisplayPort. Cheki nyuma ya kadi kama hiyo tundu iko.

Ukienda dukani usikubali video yao ya samaki na maua, hiyo inapendeza kwa skrini yoyote. Beba flashi yako na picha moja nyeusi tii, moja nyeupe, na moja ya uso wa mtu. Nyeusi uangalie kona, nyeupe utafute pikseli zilizokufa, uso uuangalie ukiwa umesimama alafu umechuchumaa. Kisha fungua ukurasa wenye maandishi mengi na bakgraundi nyeusi, uskroli haraka, ukiona herufi zinaacha moshi nyuma yake toka hapo. Na mwambie aingie setingi za disple akuonyeshe imewekwa 165 kweli, juu Windows inaweza kuiacha 60 na ukae nayo miezi ukidhani ndio hiyo. Kebo pia, kuna monita ziko na tundu la HDMI la zamani linakwama 120Hz.

Inchi 24 ibaki hapo hapo, usishawishiwe na 27 ya 1080p kama yangu, maandishi madogo yanakuwa na chenga na wewe unasoma majina ya wajukuu kumi na tano kwa mstari mmoja.

Uliuliza kama utume pesa nikununulie huku. Hapana, nunua mahali unaweza kurudi kwa miguu. Kutoka huku mpaka Kericho na Molo kuna matuta mengi sana, na makanga ataiweka chini ya gunia la mtu, na monita inafaa isafiri ikiwa wima. Ongeza ata kama ni elfu mbili uchukue gadi ya TV, stima ikipotea na irudi na ile nguvu yake isikute skrini imechomekwa hivi hivi.

Nakuja wikendi ya mwisho wa mwezi, niko na kebo ya DisplayPort haina kazi, ntakubebea. Kama jamaa anaweza kukuwekea hiyo IPS mpaka hapo, tuende pamoja tuiangalie asubuhi kabla duka lijae. Msalimie mathe, mwambie nabeba samaki.

Ni mimi, jirani yako wa zamani, Section 58