Homoni katika sato wa bwawani: tunauliza mahali pasipostahili

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nieleze jambo ambalo sisi wafugaji wa samaki hukutana nalo karibu kila siku ya soko. Mteja anamwinua sato, anamkagua matamvua, na akishaambiwa kwamba ametoka bwawani na si ziwani anamrudisha mezani akisema, "Hawa wanakuzwa kwa homoni." Hofu hiyo ina chembe ya ukweli, ila imeelekezwa kusikostahili.

Sato jike wa bwawani hukomaa angali mdogo, na akishataga huyaatamia mayai mdomoni, akakaa siku kadhaa karibu bila kula. Dume hana mzigo huo, ndiyo maana humpita jike kwa ukubwa. Mwaka wangu wa kwanza niliuziwa vifaranga walioitwa madume watupu. Kumbe majike walikuwamo na walizaliana: nilipokausha bwawa baada ya miezi saba nilikuta utitiri wa samaki wa ukubwa wa kidole, ambao hata jirani yangu alisita kuwapokea bure.

Ili kuepuka hasara ya namna hiyo, vituo vingi vya kuzalisha vifaranga hutumia methiltestosteroni, homoni ya kiume inayotengenezwa viwandani. Kwa kawaida miligramu 60 huyeyushwa katika ethanoli, zikachanganywa na kilo moja ya chakula cha unga, na vifaranga wakalishwa kwa siku 21 hadi 28 tangu wanapoanza kula, kabla viungo vyao vya uzazi havijaelemea upande wa kende au wa ovari. Shabaha ni kugeuza jinsia, wote wawe madume. Ukuaji wa miezi inayofuata huongozwa na homoni ya samaki mwenyewe, itokayo katika tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo na kulichochea ini litoe homoni nyingine ya kukuza misuli na mifupa.

Katika kipindi chote hicho kifaranga mmoja hamalizi hata gramu moja ya chakula, maana yake dozi yake yote haifiki mikrogramu 60 (miligramu 0.06), na sehemu kubwa humtoka mwilini ndani ya siku chache baada ya kuachishwa. Anafika sokoni miezi sita au zaidi baadaye, akiwa ameongezeka uzito mara mia kadhaa. Hata Umoja wa Ulaya, uliopiga marufuku homoni za kunenepesha ng'ombe, katika agizo lake la mwaka 1996 uliruhusu samaki wachanga wageuzwe jinsia katika miezi mitatu yao ya kwanza.

 

Wasiwasi wangu uko kituoni kwenyewe. Nimeona kijana akichanganya chakula hicho kwa mikono mitupu, bila barakoa, unga ukimpanda usoni, ilhali dawa hiyo inajulikana kudhuru ini na ni hatari kwa mjamzito. Nimeona pia maji ya matangi yakifunguliwa moja kwa moja kwenye kijito ambacho watu wa mkondo wa chini wanachota. Chakula kisicholiwa huzama, na watafiti wameikuta homoni hii katika tope la bwawa wiki kadhaa baada ya ulishaji kukoma. Mteja wa sokoni hayaulizi hayo, na sijui kama yupo afisa anayeyauliza.

Zipo njia nyingine, kama kuzalisha kwa kutumia madume wenye kromosomu mbili za Y (zinazobeba jinsia ya kiume), ambao karibu watoto wao wote huwa madume bila kulishwa dawa. Kuwapata huchukua vizazi kadhaa vya uteuzi, jambo lisilowezekana kwa mfugaji wa mabwawa mawili kama mimi. Kwa sasa naomba mamlaka zinazosimamia uvuvi zivitake vituo viandike kwenye stakabadhi njia iliyotumika, tarehe ulishaji wa homoni ulipokoma, na asilimia ya madume iliyopatikana kwa kupima sampuli kwa hadubini. Maji ya matangi ya kugeuzia jinsia nayo yapitishwe kwanza katika bwawa la kutuamia, na afisa afike kulikagua.

Mfugaji wa samaki,
Mwanza