Barua kwa Mwanangu Aliyekabidhiwa Boti

Majanji, Busia
Jumapili jioni

Mwanangu mpendwa,

Salamu zako za juzi zilifika, pamoja na zile habari ulizomweleza mama yako ukidhani mimi nimelala. Nilikuwa macho. Nilisikia kwamba katika wiki yako ya kwanza ya kuendesha boti ya chakula cha samaki huko Jinja umegonga kizimba cha kufugia samaki mara mbili, kwamba boti inatembea kama mlevi kila unapopunguza mwendo, na kwamba kijana mmoja wa kazini amekushauri uongeze mafuta kidogo ili inyooke. Hilo la mwisho ndilo lililoninyima usingizi, na ndilo lililonifanya nichukue kalamu badala ya simu, kwa sababu kwenye simu huwa unasema "sawa, baba" kabla sijamaliza.

Usiongeze mafuta. Kijana huyo hakudanganya kabisa, maana boti ikishika kasi kweli hunyooka, lakini katikati ya vizimba kasi hiyo itakufikisha kwenye wavu kabla hujapata nafasi ya kugeuza, na pangaboi halitofautishi uzi wa wavu na mguu wa mtu aliye majini.

Sikiliza kwanza kwa nini inayumba. Boti yako haina usukani kama wa jahazi, yaani ubao unaoendelea kuyakata maji hata tanga likilegea. Inageuka kwa sababu mashine inayasukuma maji upande fulani, na lile pezi dogo lililo chini ya pangaboi husaidia pale tu maji yanapolipitia kwa nguvu. Ukienda polepole, maji yanayopita ni machache, kwa hiyo unausukuma mkono wa mashine na omo, yaani sehemu ya mbele ya boti, haliitiki. Wewe, kwa papara uliyoirithi kwangu, unausukuma zaidi. Omo linapoitika, linaitika kwa yote mawili, linapita pale ulipotaka, nawe unalikimbiza upande wa pili. Huo ndio ulevi wenyewe, na mara nyingi mlevi ni mkono, si boti.

Dawa yake ni kuusukuma mkono wa mashine kidogo sana, kungoja, na kuurudisha katikati kabla omo halijafika unakolielekeza, kwa kuwa litamalizia lenyewe. Usilitazame omo. Chagua kitu kilicho mbali, mti ulio juu ya kilima au mlingoti wa simu ng'ambo, ukiweke juu ya omo na kulinganisha mambo hayo mawili, kwani jicho likitazama karibu huchelewa kuona kwamba boti imeanza kupotoka. Asubuhi moja isiyo na upepo, kabla ya kupakia, nenda mahali palipo wazi, mbali na vizimba, ufanye hivyo kwa nusu saa kwa mwendo mdogo kabisa ambao mashine inauweza. Utachoka haraka, lakini fanya.

Jambo la pili ni mzigo. Ulimwambia mama yako kwamba mifuko yote ya chakula unaiweka nyuma karibu nawe ili usihangaike kuivuta. Mifuko, na wewe, na mashine, vyote vikikaa nyuma, omo linainuka, na omo lililoinuka ni tanga: kila upepo mdogo wa ziwani utalishika na kulipeleka unakotaka wenyewe. Peleka mzigo katikati, uache nyuma iwe nzito kidogo tu kuliko mbele. Usiupeleke mbele kabisa kwa kunikomoa, maana omo likizama sana, nyuma ndiyo itakayoanza kuzunguka, na hilo ni baya zaidi.

Mashine yenyewe uikague kabla hujailaumu. Chukua uzi, upime kama imefungwa katikati ya ubao wa nyuma, kwa sababu ikikaa pembeni itakuvuta upande mmoja siku nzima. Kaza zile skurubu mbili za kuishikilia kila asubuhi, kwani mtetemo huzilegeza. Tazama kama imesimama wima au imeinama. Ikiwa pangaboi linasukuma maji kuelekea juu au chini badala ya nyuma, sogeza ile pini ya kuinamisha mashine tundu moja, ujaribu, kisha uamue, maana kila boti ina tabia zake. Ipo pia skurubu inayokaza mzunguko wa mashine: ikaze kiasi kwamba mkono haupepesuki peke yake, lakini bado unausogeza bila kutumia bega. Na uangalie lile pezi la chini. Kama limemegwa na mawe, basi nusu ya taabu yako iko hapo, na mwenye kazi anapaswa kulitengeneza.

Kuna mwelekeo mmoja ambao si kosa lako. Mapangaboi mengi, ukiyatazama kutoka nyuma, huzunguka kama mishale ya saa boti inapokwenda mbele, na hivyo nyuma husogea kidogo kulia na omo kushoto. Ukiweka gia ya kurudi nyuma, huwa kinyume. Ukilijua hilo, unalitegemea, usipolijua, unaligombeza.

Unapokikaribia kizimba, kikaribie ukielekea kule yanakotoka maji au upepo. Hapo Jinja maji yanaondoka ziwani kuwa Nile, na utulivu wa juu usikudanganye. Maporomoko ya Ripon yalizama bwawa la Owen Falls lilipokamilika mwaka 1954, lakini maji hayakuacha kwenda. Ukiyakabili, pangaboi linafanya kazi na boti inakusikia, huku ukisogea kidogo tu kuelekea kizimba. Ukisukumwa nayo kutoka nyuma, utafika kwa kasi usiyoiomba. Na ukiona mwendo mdogo kabisa bado ni mkubwa, ingiza gia kwa muda mfupi, itoe, uingize tena. Kumbuka tu kwamba gia ikiwa nje boti haigeuki hata ukiupinda mkono wa mashine wote, kwa hiyo elekeza kwanza, kisha ndipo uitoe. Wavuvi wa hapa huvuta ndoo kwa kamba nyuma ili mtumbwi unyooke, nayo husaidia kweli, lakini wewe usithubutu kuweka kamba yoyote karibu na pangaboi kati ya nyavu. Gugumaji likijifunga, zima mashine, uiinue, ndipo uguse.

Wala usiongeze mafuta. Nimeshasema, najua. Ule wavu wa jirani uliokatika mbele ya mwalo wetu, ambao kila mtu aliambiwa kwamba upepo ndio uliotusukuma, haukukatwa na upepo. Siku ile hakukuwa na upepo.

Mkono wa mashine nilimpa kaka yako akiwa na miaka kumi na miwili, wewe nikakuachia kopo la kuchotea maji. Watu wa mwalo walisema mwanamke akipanda mtumbwi samaki hukimbia, nami sikuwahi kuwajibu, labda kwa sababu ilikuwa rahisi. Sasa kaka yako anauza simu mjini na wewe ndiye unayelipwa kuwa majini. Jana nilimwambia hivyo mzee wa mukene, wale dagaa, naye akaniomba nirudie. Nilirudia. Hata hivyo, ungeniuliza mimi kabla ya kumuuliza kijana wa kazini.

Mama yako ameishiwa dawa za presha lakini anasema bado zipo. Tafadhali umpigie umuulize kwa ukali, mimi hanisikii. Mbuzi yule mweupe amezaa mapacha. Bomba la paa limeng'oka upande wa jikoni, na pesa ulizotuma zitatosha kulirudisha na kubaki kidogo kwa sare ya mdogo wako, kwa hiyo mwezi ujao usitume. Nunua jaketi la kujiokoa lililo la saizi yako, kama hilo wanalokupa bado linakupwaya, na ulivae, usilikalie.

Ukishajaribu ile asubuhi isiyo na upepo, niandikie omo lilipotoka kwenda upande gani kwanza, na mifuko ulikuwa umeiweka wapi. Usimweleze mama yako usiku, nieleze mimi.

Ni mimi,
Baba yako